Mwari Mwenye Maktaba: Upevukaji wa Msichana Msomi katika Riwaya ya Kihistoria Romola

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna riwaya ya kihistoria inavyosawiri kupevuka kwa msichana aliyelelewa ndani ya nyumba, mwenye elimu kubwa ya vitabu lakini asiye na uzoefu wa ulimwengu. Mfano mkuu ni Romola, riwaya ya George Eliot iliyochapishwa kati ya 1862 na 1863, ambayo inasimulia maisha ya jiji la Florence kuanzia 1492 hadi 1498. Hoja ya msingi ni kwamba kinachomfunga msichana huyo si ukosefu wa elimu. Kinachomfunga ni kukosa mamlaka juu ya elimu aliyonayo, pamoja na kukosa mwanamke msomi aliyemtangulia wa kumwonyesha njia. Uchambuzi unatumia dhana tatu za Kiswahili, yaani utawa, mwari na kungwi. Baada ya kuichambua riwaya hiyo, makala yanaitazama pwani ya Afrika Mashariki ya miaka hiyohiyo ya karne ya 19, pamoja na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu uteuzi wa vitabu vya fasihi, tafsiri na vipimo vya elimu ya wasichana.

Maneno makuu: riwaya ya kihistoria, upevukaji, utawa, kungwi, elimu ya wasichana

1.0 Utangulizi

Mwalimu anayefundisha riwaya yenye mhusika mkuu msichana hafiki mbali kabla ya kuuliza swali hili: msichana huyu alipevuka lini? Katika madarasa niliyofundisha, majibu mawili hutangulia mengine yote. La kwanza ni kwamba alipevuka alipovunja ungo. La pili ni kwamba alipevuka alipoolewa. Majibu hayo hayatokani na uvivu wa wanafunzi. Lugha yenyewe huwaelekeza huko. Kubaleghe ni kufikia, na kinachofikiwa ni umri wa mwili. Kuvunja ungo ni jambo la mwili vilevile. Kitenzi kupevuka, ambacho ndicho kipana kuliko vyote, hutumika kwa tunda lililo tayari kuchumwa, na kwa msichana mara nyingi huchukua maana iyo hiyo: yuko tayari, na kuna mtu wa kuja kumchukua.

Swali linakuwa gumu zaidi pale msichana anayezungumziwa ni msomi. Huyu amekwisha kusoma vitabu ambavyo wazee wengi hawakuvisoma, lakini hajawahi kuamua jambo lolote la maisha yake. Je, ni mpevu au si mpevu? Akili yake imekomaa kwa kipimo cha shule, ilhali uamuzi wake bado umo mikononi mwa wengine. Pengo hilo kati ya kujua na kuamua ndilo linalochunguzwa katika makala haya.

Uchunguzi huu una sababu ya kisera. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Pale lugha inapoingia shuleni, vitabu vya fasihi huingia nayo, na lazima mtu aamue ni vitabu gani vitasomwa, vipi vitatafsiriwa, na maswali gani yataulizwa juu yake. Riwaya kuhusu msichana msomi huonekana kuwa chaguo lisilo na mashaka. Makala haya yanaonyesha kwamba hata chaguo hilo linahitaji kusomwa kwa makini.

2.0 Dhana za uchambuzi: utawa, mwari na kungwi

Kitenzi kutawa kina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni kukaa ndani bila kutoka nje ovyo, hasa kwa mwanamke. Pili, ni kuishi maisha ya kumcha Mungu kwa kujitenga na mambo ya dunia. Nomino mtawa imeelemea zaidi maana ya pili, hivyo kwamba msomaji wa leo akilisikia neno hilo humfikiria mwanamume au mwanamke wa nyumba ya kidini. Maana hizi mbili zikiwekwa pamoja zinafichua jambo moja muhimu: kufungiwa ndani huweza kuonekana kuwa heshima na ucha Mungu, hata na yule aliyefungiwa. Aliyetawishwa hajioni kuwa mfungwa.

Mwari ni msichana aliyefikia umri na kuwekwa ndani, akisubiri kufundwa na kutolewa. Utaratibu wa unyago, kwa tofauti zake nyingi za mahali na mahali, una hatua tatu zinazofanana: kuwekwa ndani, kufundwa, kutolewa. Anayefunda ni kungwi, mwanamke mzima aliyekwisha kuipita njia ambayo mwari anaandaliwa kuipita. Mtu anaweza kuyapinga baadhi ya yanayofundishwa unyagoni, lakini muundo wake una jambo la kuzingatiwa: mwari hatolewi kabla ya kukutana na mwanamke mwenye maarifa aliyemtangulia.

Kwa minajili ya makala haya, ninatumia istilahi kungwi wa elimu kumaanisha mwanamke msomi anayemwonyesha msichana msomi namna ya kuishi na elimu yake ulimwenguni: namna ya kuitumia, kujipatia riziki kwayo na kuitetea. Ninatumia pia upevukaji kumaanisha mchakato wa kuupata uwezo wa kuamua kwa akili ya nafsi yako, ili kuutofautisha na kubaleghe na kuolewa.

3.0 Riwaya na historia yake

George Eliot lilikuwa jina la uandishi la Mary Ann Evans, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1819 na kufariki mwaka 1880. Yeye mwenyewe alikuwa binti msomi. Alimuuguza baba yake hadi baba huyo alipofariki mwaka 1849, na kabla ya hapo, mwaka 1846, ilitoka tafsiri yake ya kitabu cha Kijerumani cha David Strauss kuhusu maisha ya Yesu. Alikwenda Florence mwaka 1860 na tena 1861 kufanya utafiti wa riwaya hii. Romola ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Cornhill kuanzia Julai 1862 hadi Agosti 1863.

Riwaya ya kihistoria huwaweka watu wa kubuni miongoni mwa watu waliokuwapo. Katika Romola, mhusika mkuu, baba yake Bardo na mumewe Tito ni wa kubuni. Kwa upande mwingine, mtawa Girolamo Savonarola, mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa, mchoraji Piero di Cosimo, Niccolò Machiavelli na mwanasiasa Bernardo del Nero ni watu wa historia. Msuko unaanza Aprili 1492, mwezi aliofariki Lorenzo de' Medici, na unafikia kilele Mei 1498, Savonarola aliponyongwa na mwili wake kuteketezwa katika uwanja mkuu wa jiji. Sura ya tamati inarukia mwaka 1509.

Mpangilio huo una kazi yake. Kupevuka kwa Romola kunakwenda sambamba na miaka sita ambayo jiji lenyewe lilikuwa likijiuliza nani aliongoze: familia ya Medici, mfalme wa kigeni, mtawa mhubiri, au raia wenyewe. Mwandishi hasemi kwamba msichana na jiji ni kitu kimoja. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba kila mara Romola anapolazimika kuamua, uamuzi wake unakuwa na matokeo nje ya kuta za nyumba yake.

4.0 Elimu bila mamlaka: nyumba ya Bardo

Romola anaishi na baba yake katika mtaa wa Via de' Bardi. Bardo ni mwanazuoni aliyepofuka, ambaye ameitumia mali yake kukusanya miswada na vitu vya kale. Tumaini lake moja lililobaki ni kwamba maktaba hiyo ibaki Florence ikibeba jina lake. Alikuwa na mtoto wa kiume, Dino, aliyemwandaa kuwa mrithi wa kazi yake, lakini Dino aliikimbia elimu ya kale akawa mtawa. Romola ndiye aliyebaki. Anamsomea baba yake, anamtafutia kurasa, anamwandikia. Amejua Kilatini na Kiyunani kwa sababu macho ya baba yalihitaji kubadilishwa na macho mengine.

Tunapokutana nao mara ya kwanza, kazi inayoendelea inamhusu Teiresias, mpofu wa hadithi za Wayunani aliyepewa fimbo ya kumwongoza. Msomaji anaweza kuona kwamba Romola ndiye fimbo hiyo. Fimbo humfikisha mwenyewe aendako, haichagui njia. Bardo anampenda binti yake kwa dhati, lakini hachoki kusikitika kwamba akili ya mwanamke haina ustahimilivu wa kazi kubwa, na kwamba laiti Dino angekuwapo, kazi ingekamilika. Romola anayasikia hayo kila siku na kuyavumilia. Anayasikia huku yeye mwenyewe ndiye anayeifanya kazi inayodaiwa kumshinda.

Hapa ndipo maana mbili za kutawa zinapokutana. Romola amekaa ndani, na kukaa kwake kumefanywa kuwa wema wa binti kwa mzazi. Zaidi ya baba yake, baba yake wa ubatizo Bernardo del Nero, ndugu yake wa ukoo Monna Brigida na mtumishi Maso, watu anaowajua ni wachache mno. Anaifahamu tabia ya binadamu kama ilivyoandikwa na waandishi wa kale, lakini hajapata nafasi ya kuutazama uso wa mtu anayesema uongo.

Ndiyo maana Tito Melema anaingia kwa urahisi. Tito ni kijana msomi wa Kiyunani aliyeokoka ajali ya meli. Ana sura nzuri na maneno laini, na yuko tayari kumsaidia Bardo. Kwa Romola anaonekana kuwa ndugu aliyepotea, mume na msaidizi wa kazi ya baba kwa wakati mmoja. Hajui kwamba Tito ana vito vya Baldassarre, mzee aliyemlea, na kwamba badala ya kuvitumia kumkomboa mzee huyo utumwani ameamua kujinufaisha navyo. Wanaoana. Ikiwa kupevuka ni kuolewa, riwaya ingekoma hapo. Lakini sehemu kubwa ya riwaya bado iko mbele, na ndoa inageuka kuwa nyumba nyingine ya kutawishwa, yenye mlinzi asiyempenda kama baba alivyompenda.

5.0 Safari iliyokatizwa: kumtafuta kungwi wa elimu

Baada ya Bardo kufariki, Tito anaiuza maktaba kwa siri, katika siku ambazo majeshi ya Ufaransa yameingia Florence, Novemba 1494. Kwa Tito ni biashara ya kawaida: marehemu hajui lolote tena. Kwa Romola ni kuvunjwa kwa ahadi pekee aliyowahi kukabidhiwa. Aidha, tukio hilo linamfundisha jambo ambalo hakuwahi kulitambua: vitabu vyote alivyovitumikia havikuwa chini ya mamlaka yake. Aliyevisoma alikuwa yeye. Aliyeweza kuviuza alikuwa mumewe.

Romola anaamua kuondoka. Anavaa vazi la mwanamke wa dini ili asitambuliwe, na msomaji wa Kiswahili atalitambua jambo ambalo lugha nyingine hazilionyeshi kwa neno moja: aliyetawishwa anatoroka kwa vazi la mtawa. Shabaha ya safari yake ndiyo inayotuhusu zaidi. Anataka kwenda Venice kwa Cassandra Fedele, mwanamke aliyesifika kwa elimu, amuulize namna mwanamke anavyoweza kujitegemea kwa usomi wake.

Cassandra Fedele hakubuniwa. Alizaliwa Venice mwaka 1465, akatoa hotuba ya Kilatini mbele ya wasomi wa Padua mwaka 1487, na kufariki mwaka 1558. Historia inatoa jambo jingine linaloipa safari ya Romola uzito. Alessandra Scala, binti wa afisa mkuu wa serikali ya Florence, alimwandikia Cassandra akimuuliza achague ndoa au masomo. Cassandra alimjibu mwaka 1492 kwamba achague lile ambalo maumbile yake yanamwelekeza zaidi. Kwa hiyo swali la Romola liliulizwa kwelikweli, katika jiji lilelile na katika miaka ileile, na msichana msomi wa kweli, na likajibiwa na mwanamke msomi wa kweli. Romola wa riwaya hapewi mawasiliano kama hayo. Mwandishi aliyeijua historia ya jiji kwa kiasi kile amemwacha mhusika wake bila rafiki wa kike katika elimu. Huo ni uamuzi wa kisanaa: upweke wa Romola si hali iliyokuwa haiepukiki wakati huo, bali ni hali iliyojengwa ili msomaji aione.

Kwa istilahi zetu, Romola ni mwari anayetoka mwenyewe kumtafuta kungwi. Hamfikii. Njiani anazuiwa na Savonarola, anayemtambua licha ya vazi lake, na kumwambia kwamba anakimbia deni: deni la mke na deni la raia wa Florence. Romola anarudi. Msomaji wa leo huweza kukasirika, na ana haki. Hata hivyo riwaya haimwonyeshi Savonarola kuwa mdanganyifu hapa. Anampa Romola kitu ambacho baba yake hakumpa: anamwambia kwamba maisha yake yanahusiana na maisha ya watu asiowajua. Katika miaka ya njaa na maradhi inayofuata, Romola anawauguza wagonjwa na kuwalisha wenye njaa wa jiji. Kwa mara ya kwanza anajua mambo ambayo hakuyasoma. Lakini bado ni fimbo. Aliyebadilika ni mwenye kuishika.

6.0 Kuachana na mlinzi wa tatu

Agosti 1497 Bernardo del Nero na wenzake wanne walihukumiwa kifo kwa kuhusishwa na njama ya kuirudisha familia ya Medici. Huu ni ukweli wa historia, na ni ukweli vilevile kwamba walinyimwa haki ya kukata rufaa kwa Baraza Kuu, ijapokuwa sheria ya haki hiyo ilipitishwa wakati chama kilichomuunga mkono Savonarola kilipokuwa na nguvu. Katika riwaya, Romola anakwenda kwa Savonarola kumwombea Bernardo. Mtawa anakataa kuingilia kati, kwa hoja kwamba usalama wa kazi ya Mungu mjini unategemea ushindi wa upande wake.

Mazungumzo hayo ndiyo kitovu cha upevukaji wa Romola. Anautambua ule mlinganyo ambao mtawa ameufanya: kazi ya Mungu ni sawa na chama changu. Anaukataa mbele yake, bila kuikana imani wala kusahau wema aliotendewa. Elimu yote ya nyumba ya Bardo, yaani kupima hoja, kutofautisha neno na maana yake, na kutokubali jambo kwa sababu tu mkubwa amelisema, inatumika hapa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya uamuzi wake mwenyewe. Kabla ya siku hiyo alikuwa na elimu. Siku hiyo anakuwa na mamlaka juu yake. Hakubaleghe wala hakuolewa siku hiyo. Alipevuka.

Baada ya Bernardo kuuawa, Romola anaondoka tena. Safari hii hakuna anayemzuia, na hana mahali mahsusi anapokwenda. Anaingia katika mashua na kujiachia baharini, akitamani mauti. Mashua inamfikisha kwenye kijiji kilichokumbwa na tauni iliyoletwa na Wayahudi waliofukuzwa katika Rasi ya Iberia. Anamwokoa mtoto mchanga wa Kiyahudi, anawakusanya wanakijiji waliotawanyika kwa hofu, anauguza. Wahakiki kadhaa wameiona sehemu hii kuwa ya kindoto kuliko ya kihistoria, na hoja yao ina nguvu. Ni vigumu kuamini mashua inayopeperuka ikafika palepale penye haja. Hata hivyo, katika muundo wa riwaya sura hizo zina kazi dhahiri. Kijijini hapo hakuna baba, mume wala mhubiri wa kumwambia Romola la kufanya, na yeye anafanya. Kisha anaamua kurudi Florence, na hakuna aliyemrudisha.

7.0 Nani anafundishwa mwishoni?

Tito anakufa mikononi mwa Baldassarre, mzee aliyemkana. Romola anamtafuta Tessa, msichana wa shamba ambaye Tito alimdanganya kwa ndoa ya uongo, na kumchukua pamoja na watoto wake wawili, Lillo na Ninna. Sura ya tamati inawaonyesha mwaka 1509 wakiishi pamoja. Romola anamsomesha Lillo na kumweleza tofauti kati ya starehe na maisha yenye maana, akitumia mfano wa mtu aliyejali raha yake tu. Kijana hajui kwamba anayezungumziwa ni baba yake mzazi.

Romola amekuwa kile alichokikosa: mwanamke mwenye elimu anayemfundisha kijana kwa mamlaka yake mwenyewe. Lakini mtafiti hana budi kutazama pembeni pia. Anayefundishwa ni mvulana. Ninna yumo chumbani humohumo, akisuka mataji ya maua. Mwandishi halisemei jambo hilo lolote. Huenda aliliona kuwa la kawaida kwa mwaka 1509; huenda alitaka tulione. Vyovyote iwavyo, mnyororo ambao Romola alijaribu kuuunganisha alipoelekea Venice, wa mwanamke msomi kumkabidhi msichana elimu, bado umekatika kwenye ukurasa wa mwisho.

8.0 Pwani yetu katika miaka hiyohiyo

Mtu anaweza kusema kwamba Florence iko mbali. Lakini wakati Eliot alipokuwa akiandika, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mifano yake. Mwaka 1858, miaka minne kabla ya Romola kuanza kutoka, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Watafiti wamebishana sana kuhusu maudhui yake, hasa mafundisho juu ya utii kwa mume. Mjadala huo ni halali. Hata hivyo tendo lenyewe lina uzito wake: mwanamke mwenye ujuzi wa utenzi anaandika, na anayekabidhiwa maandishi hayo ni msichana. Mnyororo ambao Romola aliukosa, hapa upo, hata kama yanayopitishwa kupitia mnyororo huo yanajadiliwa.

Mfano wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anaeleza kwamba watoto wa kike walifundishwa kusoma, si kuandika. Alijifundisha kuandika kwa siri akitumia mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimwingiza katika siasa: katika jaribio la Barghash la kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, Salme, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ndiye aliyeandika barua za kundi hilo. Kumbukumbu si riwaya, lakini zinathibitisha kwamba hali iliyobuniwa na Eliot si ya kufikirika. Msichana aliyekuwa ndani alitakiwa kwa kalamu yake, na waliomtaka walikuwa na malengo yao.

Mfano wa tatu ni riwaya ya kihistoria iliyoandikwa na mtu wa pwani hii. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020 na kusimulia enzi ya utawala wa Wajerumani na miaka iliyofuata, Afiya anafundishwa kusoma na kuandika na kaka yake Ilyas. Ilyas anapokwenda kujiunga na jeshi, Afiya anarudishwa kijijini, na huko anapigwa hadi kuvunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika. Anaokolewa kwa sababu aliweza kuandika ujumbe mfupi wa kuomba msaada. Kuandika kunamponza, na kuandika kunamwokoa. Kama Romola, Afiya amefundishwa na mwanamume wa nyumbani kwake, naye anapoondoka, elimu inabaki bila mlinzi.

9.0 Maana kwa sera

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu.

Kwanza, kamati za uteuzi wa vitabu vya fasihi zisitosheke na kigezo cha kuwapo kwa mhusika wa kike aliyesoma. Ziulize maswali matatu: nani anamfundisha msichana huyu? Nani anaamua elimu yake itumike kwa nini? Yeye mwenyewe anamfundisha nani? Romola isingefaulu swali la tatu kikamilifu. Hiyo si sababu ya kuiacha, bali ni sababu ya kuifundisha kwa uangalifu.

Pili, Romola na riwaya nyingine za aina yake zitakapotafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atumie utajiri wa kutawa, mwari na kungwi mahali zinapofaa, na aepuke kukimbilia neno la kidini au la kishule peke yake. Maneno hayo humpa msomaji wetu njia ya kuingia katika riwaya, na humwezesha kuyahoji maneno yenyewe.

Tatu, vipimo vya maendeleo ya elimu ya wasichana mara nyingi huhesabu walioandikishwa na waliohitimu. Hesabu hizo ni za lazima, lakini ni hesabu za nyumba ya Bardo: zinatuambia nani amesoma. Ziongezewe vipimo vya idadi ya wanawake wanaofundisha katika ngazi za juu, wanaosimamia tasnifu, na wanaoamua matumizi ya maktaba na bajeti. Kungwi wa elimu ni mtu, na watu huhesabika.

Nne, waandishi wa riwaya za kihistoria kwa Kiswahili wahimizwe kuwaandika wanawake wasomi wa eneo letu. Mwana Kupona, Sayyida Salme na mshairi Dada Masiti wa Barawa ni baadhi tu ya wale ambao maisha yao yanaweza kubeba riwaya nzima.

10.0 Hitimisho

Makala yalianza kwa swali la darasani: msichana huyu alipevuka lini? Kwa upande wa Romola, jibu ni siku alipokataa mlinganyo wa mtu aliyemheshimu kuliko wote, kwa hoja zake mwenyewe. Haikuwa siku aliyojua Kiyunani, wala siku aliyoolewa, wala hata siku aliyotoka nyumbani kwa mara ya kwanza, kwa maana alirudishwa. Vitabu vilimwandaa kwa siku hiyo, lakini vilimfikisha akiwa amechelewa na akiwa peke yake. Wasichana wanaosoma leo katika nchi zetu wana vitabu vingi kuliko mama zao. Suala lililobaki mbele ya watafiti na washauri wa sera ni kama tutawaacha waende Venice peke yao, au kama Cassandra atakuwa amekwisha kufika darasani kabla yao, na kama Ninna naye atawekewa kiti mezani.